Nilisalimia "Jambo" Mji Mkongwe, wakanichukua kama mtalii

Mimi nauza bikwembe, yaani vitenge, ku soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, Kongo, na kila mwaka naenda Dar mara mbili kuchukua mali Kariakoo. Miaka sita naenda narudi, Kasumbalesa, Ndola, Serenje, Nakonde, Tunduma, mgongo unakufa ndani ya basi, na miaka yote sita Zanzibar nilikuwa naisikia tu kama honi ya boti asubuhi. Mtu wa biashara akiwa Dar anahesabu siku vile anahesabu franga, hana siku ya kutembea. Kilichonipeleka ni grupaji, yaani mali ya watu wengi ndani ya kamio (lori) moja. Deklaran, mtu anayetupitishia mali ku forodha, aliniambia mali inapakiwa siku ya tatu, ya tatu ikafika akasema kamio haijajaa, tungoje mama mwingine wa Likasi alete balo zake, kisha yule mama akagonjwa, nikaona hapa nitakaa juma nzima nalipa hoteli naangalia panka inazunguka. Nikaacha balo zangu depo, nikabeba kisakoshi kimoja, nikasema acha niende nione ule mji wa mawe, Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Naandika hii juu (yaani sababu) dada wawili wa meza ya pembeni sokoni wanataka kwenda, kila siku wananiuliza iko namna gani kule, na nimechoka kurudilia masolo, mazungumzo yale yale. Nimejaribu kuandika Kiswahili ya kusomeka na wote. Pale itanitoroka mnisamehe, ni Kiswahili ya Katuba, komini yetu ya Lubumbashi, hiyo inatoka.

Kosa la kwanza lilinikamata hata mbele ya kupanda boti. Lubumbashi iko nyuma ya Dar lisaa moja. Kila mtu wa njia hii anajua, simu inajigeuza yenyewe ukivuka Tunduma, huwazi hata. Lakini usiku ule umeme ulikatika hotelini, simu ikazima, na asubuhi nikaangalia saa ya mkono, saa ya marehemu mama yangu, ambayo sijawahi kuigusa tangu aniachie. Tiketi yangu ilikuwa ya saa tatu na nusu. Saa ya mama inasema saa mbili na dakika kumi, nikaona wakati uko mwingi, nikakaa nikanywa supu na chapati mbili, nikatembea polepole kama bibi harusi mupaka bandarini. Geti imefungwa. Boti naiona inaenda, inaacha povu nyuma. Mlinzi akaniangalia, akaangalia mkono wangu, akasema, "Mama, saa yako imelala."

Nikakata ingine. Dola 35 ya kwanza, dola 35 ya pili, bei ya mgeni, juu mwenyeji ana bei yake kwa shilingi na mimi simo. Dola 70 kwa masaa mbili ya maji. Na hiyo ya pili karibu niikate kwa kijana wa barabarani aliyekuwa ananivuta mkono eti ofisi iko huku. Msikate barabarani, jengo linaonekana, nenda dirishani wewe mwenyewe, na uangalie jina wameliandika sawa na la paspoti.

Ile supu niliilipia njiani mbele ya watu. Sitaeleza zaidi. Wanagawa vifuko vya plastiki, chukua viwili.

Boti inafika Malindi, na hapa mtu wa kwetu anaweza kuanguka vibaya: Zanzibar iliungana na Tanganyika 1964 lakini iko na serikali yake, na hata ukitoka Dar, na paspoti ya kigeni unapita uhamiaji tena. Wanataka paspoti, wanataka na karne ya njano, ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, juu Kongo ni nchi yenye huo ugonjwa. Mimi vyote natembea navyo ndani ya kifuko shingoni, tabia ya mpaka wa Kasumbalesa. Baba mmoja mbele yangu, nilimtambua kwa Kiswahili yake kuwa ni wa kwetu, karne aliiacha hotelini Dar. Nilimwacha pale anapiga simu, jasho linamtoka mupaka ku viatu.

Sasa nje ya geti. Kwetu "jambo" njo (ndiyo) salamu. Unaamka, unakuta jirani anafagia, "jambo mama", "jambo yako", siku imeanza. Nikakuta vijana wamesimama pale, nikasema kwa adabu zangu zote, "Jambo!" Yule wa mbele akanijibu kwa Kiingereza. Nikasema tena, "Jambo papa, minatafuta fasi ya kulala, ya bei kiloko." Akafikiri kidogo, akanijibu kwa Kifaransa. Nikamwambia, "Weye! Minakusemesha Kiswahili!" Wakacheka wote, na mmoja akauliza, "Kiswahili cha wapi hicho, dada?"

Nilikuja kuelewa baadaye. Kule "jambo" peke yake ni neno wanalowapa watalii, kama vile unampa mtoto kipande cha mkate anyamaze. Wenyewe ni "hujambo", "sijambo", vijana ni "mambo" na "vipi", Waislamu wanapeana "asalaam alaykum" na hapo karibu watu wote ni Waislamu, na mtu akiwa mkubwa kwako ni "shikamoo" bila kuwaza. Utaniuliza miaka sita Dar nilikuwa najifunza nini. Hakuna! Kariakoo wananiita mama Kongo, wakitaka franga zangu wanasema "mbote", salamu ya Kilingala, wao wenyewe. Nilikuwa nabembelezwa na sikujua.

Na yule wa "Kiswahili cha wapi" njo nilimfuata. Vijana wa hivi wanaitwa papasi, maana yake kupe, neno hilo nililijua jioni wakati damu imeshanyonywa. Alisema atanizungusha mji kwa shilingi elfu 20. Sikumuuliza kitambulisho cha kuongoza wageni, sikumuuliza masaa ngapi, sikumuuliza tunapita wapi. Tulipita maduka. Duka la vinyago, duka la viungo, duka la picha za rangi, kila moja anatangulia, ananong'ona na mwenye duka, kisha ananigeukia "karibu sana, karibu". Na mimi ni muuzaji! Mchezo huo naujua, hapa sokoni tuko na vijana wanaotuletea wateja ku meza na jioni tunawapa chao. Pamoja na hayo nikanunua doti mbili za khanga, elfu 25 kila doti. Kesho yake ku soko la Darajani nikaona khanga ile ile, rangi ile ile, jina lile lile, elfu 14. Mwishoni akataka elfu 50, eti ile 20 ilikuwa ya lisaa limoja. Tulibishana mbele ya msikiti, watu wanatoka kuswali wanatuangalia, nikaona haya nikampa 40 aende zake.

Mwongozaji si mbaya kwa siku ya kwanza, nisiseme uongo, kuna walio na kitambulisho na wanaojua mambo. Omba kitambulisho, patana bei yote na masaa yote mbele ya kupiga hatua, na mwambie wazi: maduka hapana. Akikunja uso, umeshamjua.

Siku ya pili niliamua kupotea peke yangu, na hapa njo mji ulianza kuniingia. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jua halifiki chini, nyumba zinapanda ghorofa mbili, tatu, zimejengwa na mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Pikipiki inakuja nyuma yako inapiga honi na hakuna pa kukimbilia, unajibandika ukutani kama tangazo. Wageni wanapiga picha milango tu, mimi macho yangu yalikuwa yanaenda ku plasta inayoanguka, ku miti waliyoegemeza ukuta usilale barabarani. Mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, lakini mvua haisomi ile orodha. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lile la kwanza kuwa na umeme kule, kipande chake kikubwa kilianguka 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Nilikuta limezungukwa na uzio, watoto wanacheza mpira pembeni.

Ramani ya simu ndani ya vile vichochoro inakuwa kipofu, inakuambia uko juu ya nyumba ya watu. Uliza kwa jina la mtaa ama la msikiti, Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Mkunazini, Shangani, usiulize "avenue" kama mimi. Ukishindwa kabisa tembea tu mbele, mji wenyewe ni mdogo, utatokea baharini ama utatokea barabara ya Darajani, hakuna fasi ya tatu. Vaa viatu vya chini. Na ijumaa karibu na saa saba maduka mengi yanafunga watu wanaenda kuswali, usipange kununua wakati ule.

Nilikuwa nimevaa robe, gauni, ya mikono mifupi, ya kawaida kabisa kwa Lubumbashi, mabega nusu nje. Hakuna aliyenitukana, hapana. Ila nilikuwa naona wanawake wananiangalia kisha wanaangalia pembeni, na sikuelewa mupaka nilipofika Kiponda. Miguu imeniuma, nikaona bibi mmoja ameketi nje ya nyumba yake, ku ile bench ya mawe iliyojengwa pamoja na ukuta, anasuka ukili wa mkeka. Vidole vyake havikuwa vinaangaliwa na mtu, yeye anatazama njia na vidole vinakunja miyaa vyenyewe, juu, chini, juu, chini, na ule mkanda umeshajikunja mapajani kama nyoka aliyeshiba. Nikakumbuka yale ya geti, nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Sikujua kitako ni kukaa. Akapiga bench na mkono, nikakaa. Kitu cha kwanza alichosema baada ya hapo ni, "Jistiri mabega, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Nikatoa ile khanga ya elfu 25 kwenye sakoshi, nikajifunga. Akavuta pindo lake, akasoma jina polepole kama anasoma barua: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akaniuliza nimenunua kiasi gani, na wapi. Nikamwambia. Akaacha ukili chini, akacheka mupaka akashika kifua. "Mwenyeji amepona kweli kweli!"

Mimi miaka kumi na tano nauza nguo, kila mtindo wa bikwembe kwetu uko na jina na wamama wanalinunua lile jina kuliko nguo, na nilinunua khanga bila kusoma kilichoandikwa. Basi nawaambia wauzaji wenzangu: soma mbele ya kulipa, huwezi kujua unamtuma mtu ujumbe gani. Tena khanga inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, haihesabiwi kwa yadi kama pese yetu, kile kipande cha bikwembe. Ukipewa kimoja umepewa nusu.

Nikamuuliza ile bench inaitwaje. "Baraza." Nikanyamaza. Kwetu mbele ya kila nyumba kuna barza, pale baba anakaa jioni na redio yake, pale mgeni anangojea, na maisha yangu yote nilijua barza ni Kifaransa, juu walimu waliandika hivyo na wazungu walisema hivyo. Nikamwambia bibi, akashangaa kuliko mimi. Tukaanza kubadilishana kama watoto wanabadilisha shanga. Yeye "kidogo", mimi "kiloko". Yeye "mahali", mimi "fasi". Yeye "ugali", mimi "bukari". Akawa anajaribu "kiloko" mdomoni, "kiloko, kiloko", anasema linafanana na jina la paka.

Mlango wake ulikuwa na kichwa cha duara na misumari mikubwa ya shaba. Alinifundisha: wenye kichwa kilichonyooka ni wa Kiarabu, wenye duara ni wa Kihindi. Na hiyo misumari watu husema kule India iliwekwa ndovu asisukume mlango. "Huku ndovu wa kusukuma mlango hatukuwa naye," akasema, "nyinyi wa bara mlituletea meno yake tu." Alisema kama utani. Nilicheka na mimi, lakini maneno hayo yalinifuata njia nzima ya Mkunazini.

Mkunazini sitaandika mengi. Kanisa kuu la Kianglikana limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, soko ambalo Barghash alilifunga 1873 akibanwa na Waingereza, na kanisa likaanza mwaka ule ule. Nje kuna shimo, ndani yake sanamu tano za watu wa mawe, minyororo shingoni. Unawaona kutoka juu, vichwa vyao vinafika ku miguu yako. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwenye mti wa Chitambo, Zambia, pale walipozika moyo wa Livingstone, yule mmisionari mzungu. Chitambo iko upande wa Serenje! Safari kumi na mbili napita Serenje na basi, usiku, nikilala mdomo wazi.

Nkambo yangu, mama wa mama, alikuwa mtu wa Kasongo, kule Maniema. Sisi watoto tukisumbua alikuwa anatutisha na jina la Tippu Tip, na mimi nilifikiri ni jina la shetani fulani wa hadithi. Ni mtu. Hamed bin Muhammed, alizaliwa Unguja, akafanya Kasongo kuwa mji wake, pembe na watu vikatoka kwetu kwa misafara yake, hata Leopold, mfalme wa Ubelgiji, alimpa ugavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887. Akarudi Unguja akazeeka, akafa 1905, na nyumba yake iko Shangani. Niliitafuta masaa mawili. Siku ile haikuwa makumbusho, watu walikuwa wanaishi mule, nguo zilikuwa zimeanikwa, redio inaimba, mlango ni mzuri kuliko mingi niliyoona. Kiswahili ninayobembelezea wateja ku soko ilifika kwa nkambo na ile misafara, na khanga niliyojifunga begani inatoka mji huu huu. Nilisimama pale sijui nikasirike na nani. Mtoto mmoja akatoka kutupa maji, akaniambia "shikamoo". Nikasahau kujibu, akanirudilia, "Shikamoo!" Marahaba, nikasema, marahaba.

Nasema hili kwa wenzangu wa Kongo: usiende Mkunazini na Forodhani, ile bustani ya pembeni ya bahari wanapouza chakula jioni, siku moja. Mimi nilienda, na jioni watu wanafurahi, taa, moshi wa mishkaki, vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, na mimi kichwa bado kiko kwenye lile shimo. Chakula chenyewe ni kizuri. Kunywa urojo, ile supu nzito ya njano yenye kachori na viazi na ukwaju, mimi nilirudia mara mbili. Ila uliza bei ya kila kipande kabla hajaweka ku sahani, juu anapanga pweza, anapanga kamba, anapanga muhogo, anakuambia "onja tu", kisha anahesabu. Na dola zako zibadilishe kwa duka la kubadilisha, chukua shilingi. Dola yenye mkunjo mbaya ama tarehe ya zamani wanaikataa, lakini hilo Mukongo hafundishwi.

Mwezi wa Ramadhani sikwenda, lakini bibi alinionya: mchana hapo hupati pa kula hadharani, na kula ukitembea ni aibu kubwa. Kama huwezi kuvumilia, ngoja Idi ipite. Na picha za watu omba ruhusa, hasa wamama. Mimi hata bibi sikumpiga, kila nikitaka kutoa simu naona vidole vile na naona haifai.

Usiku wa pili deklaran akapiga simu, kamio imejaa, nirudi haraka. Haraka! Baada ya siku saba. Nikakata tiketi ya boti ya asubuhi, dirishani, mimi mwenyewe. Nikaamka mapema, nikapitia Kiponda kuaga, na doti moja ya khanga ile ya elfu 14 nimemnunulia bibi. Kichochoro kilikuwa bado baridi, paka wamelala ku baraza zote. Aliniona kutoka mbali, akainua mkono wenye ukili, akapaza sauti mupaka dirisha la juu likafunguka:

"Jambo yako, mama Katuba!"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Boti yako saa ngapi?"

Nikaangalia saa ya mama, nikaongeza lisaa limoja kichwani.

"Bado kiloko."

"Basi kaa kitako."